Nani Aliamua Hili ni Neno la Mungu?

UJUMBE WA JUMAPILI

Maandiko ya kusoma: Luka 1:1-4, 2 Wathesalonike 2:1-2 na 3:17, 1 Wathesalonike 5:19-21, 2 Petro 3:15-16



Hapa kwetu Nyeri, na ukishuka Karatina mpaka Kerugoya, au ukienda upande wa Nanyuki, ni vigumu kupata ukoo wa kanisa moja. Baba ni Mpresbiteri, shangazi ni Mkatoliki, mjomba ni Mwothodoksi, na wewe umeokoka uko hapa. Siku ya mazishi au ya ruracio mnakaa chini ya hema moja. Msomaji anasimama, anatangaza somo kutoka kitabu cha Hekima. Unafungua Biblia yako, unapekua, unafika Wimbo Ulio Bora, unaingia Isaya, hakipo. Shangazi amekipata. Biblia yake ina vitabu 73, yako ina 66. Unarudi nyumbani na swali: je, mimi nimepunguziwa, au yeye ameongezewa?

Vijana wetu nao wana swali lao. Wametumiwa video kwa simu. Wanaambiwa kuna vitabu vilifichwa: Henoko, Injili ya Tomaso, Injili ya Petro. Wanaambiwa mfalme Konstantino aliwaita maaskofu Nikea mwaka wa 325, wakapiga kura, vitabu walivyopenda vikaingia na vingine vikachomwa.

Hili swali si dogo. Kama Biblia ilipangwa na wakubwa chumbani, basi tunapomwekea mgonjwa mikono na kutaja ahadi ya Mungu, tunasimama juu ya nini? Na kama kila mtu anaweza kuongeza lake, basi hata huyo wa kwenye redio anayesema ametumwa na Bwana anaweza kuongeza lake. Ndiyo maana nataka tulitulie hili neno polepole. Fungua Biblia yako, tuende pamoja.

1. VILISOMWA KABLA HAVIJAORODHESHWA

Kanisa lilizaliwa siku ya Pentekoste likiwa na Maandiko ya Wayahudi, yale tunayoita Agano la Kale. Agano Jipya lilikuwa bado halijaandikwa. Mitume walihubiri kwa mdomo. Baadaye barua zikaanza kutumwa, na barua moja haikukaa mahali pamoja. Soma Wakolosai 4:16: Paulo anawaagiza wakishaisoma barua yake waipeleke Laodikia, na ile iliyoko Laodikia waisome wao. Watu walinakili kwa mkono, wakabeba, wakasomeana kanisani.

Luka naye anatuambia wazi namna alivyofanya kazi. Wengine walikuwa wameshaandika. Yeye alifuatilia kila kitu tangu mwanzo kwa wale walioona kwa macho yao. Halafu angalia 2 Petro 3:15-16. Pale barua za Paulo zimeshawekwa pamoja na Maandiko mengine, na tena anakiri kwamba zina mambo magumu kuelewa! Kwa hivyo, kabla ya baraza lolote kuketi, waumini walikuwa tayari wanazisoma, wanazipenda na kuzitii.

Wengi wenu mnapeleka maziwa asubuhi. Karani anatumbukiza kipimo chake kwenye mtungi kabla hajapokea. Je, yule karani ndiye ameyafanya yakawa maziwa? Hapana. Ng'ombe ndiye ameyatoa. Kazi ya karani ni kutambua kama ni maziwa, au kama umepitia mtoni ukaongeza kidogo. Kanisa nalo halikulifanya Neno liwe Neno. Mungu ndiye aliyelitoa. Kanisa lilipima, na kwa kupima likatambua.

Hata neno lenyewe linasema hivyo. Orodha ya vitabu vya Biblia wataalamu huiita kwa neno la Kigiriki ambalo kwa njia ya Kiarabu limetupa neno letu "kanuni". Maana yake ya kwanza ni ufito ulionyooka wa kupimia.

2. FEKI ILIKUWEPO TANGU MWANZO

Kuna mtu anadhani watu wa zamani walikuwa wajinga, wakipewa karatasi yoyote yenye jina la mtume wanasema Amen. Soma 2 Wathesalonike 2:2. Mitume wakiwa bado hai, kulikuwa na hofu ya barua zinazojifanya zimetoka kwao. Na katika 3:17 Paulo anaweka salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama. Hiyo ni sahihi! Ukiona mtu anaweka sahihi, jua wezi wa jina wako karibu.

Nitawaonyesha watu watatu.

Wa kwanza ni Marcion, tajiri wa meli kutoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Alifika Roma akalipa kanisa sadaka kubwa, sesterti 200,000 za pesa za Kirumi. Halafu akaleta mafundisho yake: Agano la Kale lote litupwe, ibaki Injili ya Luka peke yake, nayo ameikata, pamoja na barua kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilifanya nini? Mwaka wa 144 lilimtoa. Na lilimrudishia pesa zake.

Hebu kaa na hilo kidogo. Lile halikuwa kanisa la matajiri. Wangeweza kusema, "Huyu ndugu ametusaidia sana, tumvumilie." Wangeweza kumwekea kiti cha mbele na kumpa kipaza sauti. Hawakufanya hivyo. Walijua mtu akishanunua madhabahu, kesho yake ataanza kuchagua ni kurasa gani zisomwe pale. Mpendwa, mwaka wa uchaguzi ukifika na magari makubwa yakaingia kwenye uwanja wa kanisa, kumbuka kanisa lililorudisha pesa.

Wa pili ni mzee mmoja wa kanisa kule Asia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Tertullian, mwalimu wa Karthago, ndiye anayetupa habari zake. Aliandika kitabu cha Matendo ya Paulo. Alipobanwa alikiri, akasema alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo. Nia nzuri! Lakini alitolewa kwenye huduma. Kanisa lilikataa uongo hata ule uliotungwa kwa upendo. Wangapi leo wanasimulia ushuhuda ulioongezewa chumvi "kwa utukufu wa Mungu"? Mungu hahitaji tumsaidie kwa uongo.

Wa tatu ni Serapion, askofu wa Antiokia, karibu na mwaka wa 200. Waumini wa mji wa Roso walikuwa wanasoma kitabu kinachoitwa Injili ya Petro. Mwanzoni Serapion aliwaruhusu, maana alikuwa hajakisoma. Baadaye akaazima nakala, akakisoma mwenyewe, akaona mengi ni sawa lakini kuna mambo yameongezwa juu ya imani. Akawaandikia kuwaonya. Jina la Petro lilikuwa kwenye kichwa cha kitabu, lakini askofu hakutosheka na jina. Alikipima chote.

3. WALIKUFA KWA AJILI YA VITABU HIVI

Wanaosema vitabu hivi vilichaguliwa na wafalme wanasahau kwamba kuna wakati wafalme walikuwa wanavitafuta wavichome.

Tarehe 17 Julai mwaka wa 180, waumini 12 kutoka mji mdogo uliokuwa ukiitwa Scilli, Afrika ya Kaskazini, walisimama mbele ya gavana kule Karthago, Tunisia ya leo. Walikuwa wanaume na wanawake. Gavana akawauliza kile kisanduku chao kina nini. Mmoja wao, Speratus, akajibu kwamba ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Gavana aliwapa siku 30 wafikirie. Wakazikataa. Wakakatwa vichwa siku hiyohiyo.

Watu wa kawaida, Waafrika, na barua za Paulo kwenye kisanduku. Hiyo ni zaidi ya miaka 140 kabla ya Nikea!

Mwaka wa 303 mfalme Diocletian alitoa amri Maandiko yote ya Wakristo yakabidhiwe na yachomwe. Sasa swali la "kitabu gani ni Neno?" likawa swali la kufa na kupona. Askari yuko mlangoni. Utampa nini? Ni kitabu gani utakitoa bila dhambi, na kipi utakifia? Felix, askofu wa Thibiuca, alisema vitabu anavyo lakini havitoi, akauawa. Mensurius, askofu wa Karthago, alificha Maandiko akaacha kanisani maandishi ya wazushi, askari wakaja wakayachukua hayo. Umeona? Alijua ni yapi ya kuficha na ni yapi ya kuacha. Hakuna mtu aliyekuwa amempa orodha kutoka ikulu.

4. MASWALI WALIYOULIZA

Wazee wale walipima kwa maswali makuu matatu.

Swali la kwanza: Je, kinatoka kwa mitume au kwa watu waliokuwa karibu nao? Marko na Luka hawakuwa kati ya wale Kumi na Wawili, lakini walitembea na mitume.

Swali la pili: Je, kinakubaliana na imani tuliyopokea tangu mwanzo kuhusu Yesu, kwamba alikuja katika mwili, akafa kwelikweli, akafufuka?

Swali la tatu: Je, kinasomwa na makanisa kila mahali, au ni siri ya kikundi kimoja?

Mwaka wa 180 hivi, Irenaeus wa Lyon alikuwa tayari anafundisha kwamba Injili ni nne, si zaidi, si pungufu. Kwa vitabu vingine walichukua muda. Mnaopeleka kahawa kiwandani mnaijua ile kazi ya kumwaga kahawa kwenye gunia na kuichambua: nyekundu upande huu, mbichi upande ule, mbuni kivyake. Eusebius, mwanahistoria wa Kaisaria, alichambua hivyo. Aliweka vile vinavyokubaliwa na wote. Akaweka vinavyobishaniwa: Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohana. Akaweka visivyo vya kweli. Kuhusu Ufunuo alikuwa bado anasikia maoni mawili. Hakuficha ubishi. Aliuandika, na mpaka leo tunausoma.

Halafu mwaka wa 367, Athanasius, askofu wa Aleksandria kule Misri, aliandika barua yake ya Pasaka. Ndani yake alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile 27 vilivyo mkononi mwako. Mikutano ya Hippo mwaka wa 393 na Karthago mwaka wa 397 ikasimama na vitabu hivyohivyo. Sasa tazama ramani: Aleksandria, Misri. Hippo, Algeria. Karthago, Tunisia. Mtu akikuambia Biblia ni kitabu cha mzungu, mwonyeshe Afrika.

Na Nikea je? Baraza la mwaka wa 325 lilikutana kwa sababu ya mafundisho ya Arius kuhusu uungu wa Yesu. Halikupiga kura ya vitabu vya Biblia. Hiyo habari ya simu ni hadithi.

5. BASI VITABU 73 NA 66?

Kwanza, usisahau hili: shangazi yako Mkatoliki, mjomba wako Mwothodoksi na wewe, wote mna Agano Jipya moja, vitabu 27. Waothodoksi wa hapa Nyeri wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, kiti kilekile alichokalia Athanasius.

Tofauti iko Agano la Kale. Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa na vitabu zaidi: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Wamakabayo wa kwanza na wa pili, na nyongeza za Esta na Danieli. Wakristo wengi wa zamani walivisoma, na tuseme ukweli, mikutano ya Hippo na Karthago iliviweka kwenye orodha. Lakini Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alishikilia vile vilivyo kwa Kiebrania, na Athanasius pia alivitenga vingi vya hivyo kuwa vya kusomea tu. Wakati wa Matengenezo, Waprotestanti walifuata hesabu ya Kiebrania. Kanisa Katoliki likathibitisha vyote kule Trento mwaka wa 1546.

Vilifikaje kwetu vikiwa 66? Mwaka wa 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua hakitachapisha tena Biblia zenye vitabu vile. Na chama hichohicho ndicho kilichochapisha Agano Jipya la Kikuyu mwaka wa 1926, kazi ambayo wamisionari wa Tumutumu walishiriki pamoja na wazee wetu. Wengi wetu tumeipokea Biblia hii kwa cucu na guka kupitia mlango huo.

Sisi tunasimama na 66, kwa sababu hayo ndiyo Maandiko ya Kiebrania. Lakini usimtukane shangazi kwenye mazishi. Hakuna fundisho la wokovu linalokosekana ndani ya 66, na ukisoma Wamakabayo ujifunze historia hutapotea.

Na Henoko? Yuda mstari wa 14 na 15 anakitaja. Lakini Paulo naye kule Athene alitumia maneno ya washairi wa Kigiriki, Matendo 17:28, na hatujawaweka kwenye Biblia. Wala hakijafichwa. Kanisa la Ethiopia, majirani zetu hapa, limekisoma wazi karne zote hizi, nacho ni kimoja kati ya vitabu vyao 81.

Injili ya Tomaso ndiyo inayojiita ya siri. Nakala yake ilipatikana Misri mwaka wa 1945. Akina mama, mnajua inavyomalizia? Inasema mwanamke lazima afanywe mwanamume ndipo aingie ufalme. Sasa linganisha na Yesu aliyefufuka akamtokea Mariamu Magdalene wa kwanza. Wazee wale walipima vizuri, au sivyo?

6. KANISA LINALOPIMA

Sasa tufike nyumbani. Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Roho Mtakatifu anasema leo. Hatuombi radhi kwa hilo. Lakini 1 Wathesalonike 5 inaweka mambo mawili kwenye pumzi moja: tusidharau unabii, na tupime yote. Na 1 Wakorintho 14:29 inasema nabii akinena, wengine wapime. Si nabii peke yake. Wengine!

Mwaka wa 2023, kwenye msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Walibeba Biblia. Waliimba. Walichokosa si bidii, walikosa ruhusa ya kuuliza. Na si lazima uende Kilifi. Kuna mama hapa kwetu anaambiwa aache dawa za presha kwa sababu "Bwana amesema". Kuna mzee anaambiwa auze shamba apande mbegu, atume kwa M-Pesa kabla ya saa sita usiku.

Barua ya Paulo ilipimwa. Injili ya Luka ilipimwa. Ufunuo wa Yohana ulisubiri miaka mingi ukipimwa katika makanisa mengine, na haukupungukiwa kitu. Dhahabu haiogopi moto. Basi kama Neno lenyewe lilikubali kupimwa, ni mtumishi gani huyo asiyeweza kupimwa? Mtu akikuambia ukimuuliza swali umemgusa mpakwa mafuta wa Bwana, jua amejipandisha juu ya Luka na juu ya Paulo. Na hii inahusu pia madhabahu yetu. Mhubiri wa kanisa hili akisema jambo, nenda nyumbani ulitafute. Usipolipata, rudi uulize.

Kwa hivyo ukipokea unabii, uliza kama wao. Je, unakubaliana na yale mitume waliyofundisha? Je, unamwinua Yesu au anayeunena? Je, unaweza kusemwa mbele ya kanisa lote, au ni wa siri chumbani? Ukipita, ushike. Ukishindwa, uache, hata kama aliyeuleta alitoa sadaka kubwa.

Na wale 12 wa Scilli watuulize jambo moja. Wao walifia kisanduku cha barua. Sisi tuna Biblia nzima kwenye simu, na wengine wetu mara ya mwisho kuifungua ilikuwa Jumapili iliyopita. Kipimo usichokijua huwezi kukitumia. Wiki hii anza na Luka, sura moja kila siku.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini kanisa la Roma lilirudisha pesa za Marcion? Sisi tungefanya nini?
2. Soma 1 Wathesalonike 5:19-21. Utawezaje kuheshimu unabii na bado ukaupima?
3. Utamjibuje kijana anayesema Biblia ilipigiwa kura Nikea?
4. Je, kuna mtu kwenye kikundi ameambiwa aache dawa au auze mali kwa sababu ya unabii? Msimwache peke yake. Mweleze mzee wa kanisa.

MAOMBI

Baba, asante kwa waliolinakili Neno lako usiku kwa taa, na kwa waliolilinda kwa damu yao. Tupe njaa ya kulisoma. Tupe ujasiri wa kupima na unyenyekevu wa kupimwa. Waokoe walio mikononi mwa manabii wa uongo. Katika jina la Yesu. Amen.